Ulimi wa Mwenye Nguruwe

Nchi hii haina jina humu, kwa sababu wakati mambo haya yanatokea jina lake lilikuwa limepelekwa kufanyiwa marekebisho, na mpaka leo halijarudi. Lakini ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na milima, migomba, mvua ya kutosha, na nguruwe wengi kuliko viti. Kiongozi wake aliitwa Mtukufu Mlezi, na raia wote, hata waliomzidi umri, walikuwa wanawe kwa mujibu wa sheria.

Balaa lilianza na lori. Lori hilo lilipakia nyama ya nguruwe likavuka mpaka kwenda kuuza kwa majirani, na jioni yake likarudi na nyama yote. Dereva alisema majirani wamepasua minofu, wamekuta humo punje nyeupe nyeupe, na wamemuuliza kama nchi yake inauza nyama au inauza pilau.

Baraza la Mawaziri likakaa. Aliyesimama kwanza ni Waziri wa Nguruwe na Mambo Yanayofanana Nayo, Mheshimiwa Kasebele, mtu mwenye sauti ya kwaya na shingo iliyokwisha zamani.

"Mtukufu," alisema, "nimefanya uchunguzi wa kina nikiwa kwenye gari nakuja hapa. Imebainika kuwa minyoo si tatizo. Tatizo ni kuiona."

Katika nchi hiyo, mnunuzi wa nguruwe alikuwa haulizi uzito kwanza. Alimlaza nguruwe ubavu, akampitishia fimbo katikati ya taya, akaukamata ulimi kwa kitambaa, akaupapasa kwa chini kwa kidole. Kidole kikikutana na vinundu kama punje za maharage, mnunuzi aliurudisha ulimi mahali pake, akamshukuru mwenye mali, akaenda zake. Hakuna aliyekasirika. Babu zao walifanya hivyo, na babu za babu zao.

"Hapo ndipo adui alipo!" Mheshimiwa Kasebele alinguruma. "Kila palipopatikana minyoo, Mtukufu, palikuwa na mtu ameshika ulimi! Tukiachia ulimi, minyoo itatokea wapi?"

Mawaziri walitazamana, wakaona hoja haina mwanya. Amri ikatoka siku hiyo hiyo redioni. Kuanzia sasa nguruwe wa nchi hii hawana minyoo. Ulimi wa nguruwe ni siri ya serikali. Na kwa kuwa majirani wanang'ang'ania ukaguzi, ukaguzi utakuwepo, ila utakaokaguliwa ni ulimi wa mwenye nguruwe. Ulimi wake ukiwa safi, nguruwe wake atapewa Cheti cha Ulimi.

Taifa zima likapiga makofi, kwa kuwa redio ilisema limepiga makofi.

* * *

Subilaga aliisikia amri hiyo akiwa anamkorogea uji nguruwe wake.

Alikuwa msichana wa kijiji cha Ilundo, anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na bibi yake, na aibu yake ilijulikana vijiji vyote vya jirani. Akipita mbele ya watu wazima alitembea ubavu ubavu kama kaa. Mtu pekee aliyezungumza naye bila kujifunika uso hakuwa mtu, alikuwa nguruwe jike aitwaye Shangazi. Shangazi alizaliwa wa mwisho, mdogo kama kiatu, mama yake akamlalia. Subilaga alimtoa pale chini, akamweka kwenye kikapu karibu na jiko, akamnywesha uji kwa kijiko mpaka akasimama. Alimwita Shangazi kwa sababu udogoni alikuwa na tabia ya kuingia nyumba za watu bila hodi na kukagua masufuria.

Sasa Shangazi alikuwa mkubwa, mweupe, mnene, na tumboni alikuwa na mimba changa. Tangu akue hakuzurura tena. Bibi yake Subilaga alikuwa mkali wa banda, na banda lile lilikuwa imara kuliko nyumba. Hilo lilikuwa jambo la ajabu pale Ilundo, ambako nguruwe wa wengine walishinda nyuma ya migomba, mahali ambapo na wenyewe walikwenda kujisaidia. Si kwamba hapakuwa na vyoo. Kila nyumba ilikuwa na choo. Yaani, kila nyumba ilikuwa imepewa picha ya choo, yenye fremu, katika kampeni ya mwaka uliopita, na viongozi walipopita kuhesabu walikuta picha zote zimetundikwa ukutani, wakaandika asilimia mia.

Siku ya mnada Subilaga alimpeleka Shangazi kwa ajili ya cheti, maana nguruwe asiye na cheti alikuwa anatozwa faini kila akikohoa. Mkaguzi alikuwa amekaa chini ya turubai, amevaa glavu.

"Toa ulimi," alisema.

Subilaga akamsukuma Shangazi mbele.

"Si huyo. Wewe."

"Mwe!" mama mmoja muuza ndizi alipiga kelele. "Leo tutauona ulimi wa Subi! Mimi nilidhani hana!"

"Toa, mwanangu, toa tu, hauozi!"

Subilaga akavuta kanga mpaka usoni. Akautoa ulimi huko huko ndani ya kanga. Mkaguzi, ambaye alitaka amalize akale, ikabidi aingize kichwa chake ndani ya kanga hiyo, na mnada mzima ukapiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Alipochomoa kichwa alikuwa anatoka jasho.

"Ulimi wa daraja la kwanza," alitangaza. "Sijaona ulimi kama huu tangu nianze kazi. Haujatumika kabisa!"

Wakati huo, nyuma ya kibanda cha chumvi, mfanyabiashara mmoja mzee aitwaye Baba Ipyana alikuwa amefanya kosa la mazoea. Alimwona nguruwe mzuri, mkono ukamtuma, akampitishia Shangazi fimbo tayani na kumpapasa chini ya ulimi.

"Safi, mama," alimnong'oneza Subilaga. "Safi kama sahani ya wageni. Hana hata punje."

Polisi wakamkamata papo hapo. Hakimu wa mnada alimhukumu amwombe nguruwe msamaha hadharani. Baba Ipyana alivua kofia akainama. "Samahani, Shangazi," alisema. Shangazi akaila kofia.

Na kwa kuwa ulimi wa Subilaga ulikuwa wa daraja la kwanza, Shangazi alitangazwa kuwa Nguruwe wa Taifa. Redio ilisema tangu dakika hiyo nguruwe huyo ni mali ya Mtukufu Mlezi mwenyewe, atakaa Ikulu masika yote, na kwenye Siku ya Taifa atapita mbele ya majirani waalikwa ili waone kwa macho yao. Subilaga alipewa ruhusa ya kwenda naye kama mlishaji.

"Nitarudi naye?" aliuliza kwa sauti ambayo mtu wa redio hakuisikia.

* * *

Ikulu walimpa Shangazi mkanda wa hariri na askari wa kumpigia saluti. Subilaga alipoulizia banda, Mkuu wa Itifaki, Bwana Nzowa, mtu mrefu mwembamba aliyetembea kama anabeba kikombe kilichojaa, alishtuka.

"Banda? Umfungie kiongozi wa kitaifa? Binti, huo ni uhaini. Nguruwe wa Taifa anakwenda atakako."

Basi Shangazi akaenda atakako. Na alikotaka ni nyuma ya migomba.

Pale Ikulu kulikuwa na choo kizuri kuliko vyote vilivyowahi kujengwa. Kiliitwa Choo cha Taifa. Kilikuwa na marumaru, mabomba ya rangi ya dhahabu, na ukumbi wa kusubiria. Lakini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kwa sababu hakijazinduliwa, na hakijazinduliwa kwa sababu utepe wa kukata haujafika. Utepe uliagizwa nje. Mara ya kwanza uliletwa wa rangi isiyofaa, ukarudishwa. Mara ya pili ulikwama forodhani. Bila utepe hakuna kukata, bila kukata hakuna uzinduzi, na kutumia kitu cha umma kabla ya uzinduzi lilikuwa kosa la jinai.

Kwa hiyo Ikulu nzima ilikwenda migombani, kwa kufuata vyeo. Mawaziri walikuwa na migomba mikubwa, manaibu walikuwa na machipukizi, walinzi walikuwa na majani. Mtukufu Mlezi mwenyewe, kwa unyenyekevu wake uliosifiwa sana, alikuwa na mgomba mmoja uliozungushiwa jamvi, na askari alisimama mbele yake akiangalia upande mwingine. Shangazi peke yake hakuwa na mipaka ya cheo. Alizunguka kote, mkanda wa hariri shingoni, akisafisha.

Subilaga alimkimbiza, akampigia makofi, akamvuta mkia. Kila akimfikia, askari alimzuia. "Usimguse Mheshimiwa akiwa kazini," alimwambia.

Jambo la pili lililomsumbua lilikuwa wimbo wa taifa. Kila asubuhi uliimbwa uwanjani, na asubuhi moja Waziri wa Sherehe, Mheshimiwa Sikazwe, alianguka katikati ya ubeti, macho yamegeuka, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Wenzake walisimama wima wakaendelea kuimba. Redio ya mchana ikatangaza kuwa Mheshimiwa Sikazwe alizidiwa na uzalendo.

Kesho yake manaibu wawili walianguka pia, ila hao walitandika leso kwanza. Mwisho wa wiki hakuna kiongozi aliyemaliza wimbo akiwa amesimama. Waziri aliyebaki wima alianza kuulizwa maswali.

Subilaga aliwaangalia kutoka jikoni. Wengine walipoinuka walijikung'uta na kuagiza chai. Sikazwe alipoinuka hakujua yuko wapi. Ulimi wake ulikuwa na damu. Siku moja alianguka karibu na mlango wa jikoni, na Subilaga alitoka akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa. Alipozinduka alimtazama kwa muda mrefu.

"Nimeanguka vizuri?" aliuliza.

"Umeanguka vizuri, baba," Subilaga alisema, machozi yakimlenga.

* * *

Masika yakaisha. Siku ya Taifa ilipokaribia, Subilaga aliona vijana wanachimba shimo refu uwanjani na kupanga kuni. Akamfuata Bwana Nzowa, ubavu ubavu.

"Shikamoo, baba. Lile shimo ni la nini?"

"Marahaba. La Shangazi."

"Atalala humo?"

"Ataokwa humo, binti. Baada ya kupita mbele ya wageni. Mtukufu atakula tonge la kwanza, majirani tonge la pili, na taifa litakula yatakayobaki. Ni heshima kubwa. Wangapi katika ukoo wako wameliwa na Mtukufu?"

Subilaga akavuta kanga usoni. "Baba, ana mimba."

"Vizuri. Kumbe Mtukufu atawapa heshima wengi kwa mkupuo mmoja." Bwana Nzowa akafikiri kidogo. "Lakini mwambie mpishi asiikaushe nyama. Bendera yetu ni ya waridi katikati. Na nyama ya taifa iwe ya waridi katikati."

Subilaga alikwenda kwa Shangazi aliyekuwa amejilaza juani. Akakaa chini, akamkuna nyuma ya sikio, na bila kufikiri, kama watu wote wa kwao wanapomuaga nguruwe, alifungua mdomo ule anaoujua tangu enzi za kijiko, akaupapasa ulimi kwa chini.

Kidole kikasimama. Akakirudisha tena polepole. Moja hapa. Nyingine hapa. Nyingine kule nyuma, ngumu, inateleza kama haragwe ndani ya ganda lake.

"Shangazi," alinong'ona, "umeyaokota wapi haya?"

Mtu mmoja alikuwa amemwona. Alikuwa Daktari Halinga, daktari wa Ikulu, mtu aliyesoma sana nchi za mbali na kurudi na hofu nyingi. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachuchumaa kama anayefunga kamba za kiatu.

"Hukugusa chochote, na mimi sikuona," alisema haraka haraka. "Nguruwe hazaliwi na kitu hicho. Anakipata kwetu. Mtu akiwa na tegu, mnyoo mrefu bapa, tumboni mwake akajisaidia migombani, nguruwe akala, mayai ya tegu yanahamia kwenye nyama yake, yanakuwa hizo punje. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, punje inageuka tegu mwingine tumboni mwake. Naye anakwenda migombani."

"Kumbe tunapeana."

"Tunapeana. Na mtu akimeza yale mayai, kwa mikono isiyonawa au kachumbari isiyooshwa, yanaweza kupanda mpaka kichwani. Huo ndio uzalendo wa Mheshimiwa Sikazwe."

Subilaga akamtazama. "Na hukumwambia?"

Daktari alifunga kamba za kiatu kingine. Kiatu hicho hakikuwa na kamba. "Nina watoto, binti," alisema.

"Na Shangazi alikuja safi. Baba Ipyana alimpapasa."

"Ndiyo hapo. Amepata hapa hapa. Maana yake tegu yuko Ikulu." Akainuka ghafla. "Mimi sijasema."

Subilaga hakulala usingizi mzuri, lakini asubuhi alikusanya ujasiri wote aliokuwa nao, ambao ungejaa kisoda, akaenda kwa Mheshimiwa Kasebele. Alijifunika uso, akamwambia nguruwe ana punje, ataumiza watu.

Waziri hakukasirika. Alimwonea huruma.

"Binti yangu, nguruwe mwenye minyoo hayupo katika nchi hii. Ni sheria. Sasa, ukisema wako anayo, unasema hayupo. Na kama hayupo, wewe umekuwa ukichukua pumba za serikali kumlisha nani? Huo ni wizi, na kifungo chake ni kirefu." Akamtolea pipi kutoka kwenye droo. "Kula pipi. Kesho utatoa ulimi wako mzuri mbele ya majirani, nguruwe atapata cheti, sote tutakula kitimoto tufurahi."

* * *

Siku ya Taifa uwanja ulijaa. Majirani walikuwa mstari wa mbele, wamekunja mikono. Wimbo uliimbwa, viongozi wote wakaanguka kwa mpangilio mzuri, na majirani wakaandika kitu kwenye karatasi zao. Moto ulikuwa unawaka shimoni. Shangazi alipita na mkanda wake, akinusa viatu vya wageni, akasimama karibu na shimo akikoroma, kwa kuwa alihisi harufu ya chumvi na ndimu na hakujua vimeandaliwa kwa ajili ya nani.

"Sasa!" Mheshimiwa Kasebele alitangaza kwenye kipaza sauti. "Kabla ya kuoka, ukaguzi! Mwenye nguruwe ajitokeze, atoe ulimi!"

Uwanja wote ukamgeukia Subilaga.

Alisimama ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Ulimi wake alijua ni safi. Akiutoa, Shangazi anaingia shimoni na yale anayoyabeba yanaingia kwenye matumbo ya watu. Asipoutoa, anafungwa. Akisema kweli, anafungwa pia. Alimwona Sikazwe katika safu ya mawaziri, bado anajifuta mdomo kwa leso. Akateremsha kanga. Watu wa Ilundo waliokuja kwa lori wakasema baadaye kwamba hapo ndipo walipouona uso wake wote kwa mara ya kwanza, na kwamba ulikuwa uso wa kawaida tu.

"Nguruwe si wangu," alisema.

Kipaza sauti kilipiga mluzi. "Unasema?"

"Si wangu, baba. Redio ilitangaza ni mali ya Mtukufu. Mimi namlisha tu." "Sheria inasema atoe ulimi mwenye nguruwe."

Shangazi akaanza kutafuna programu ya mgeni mmoja. Bwana Nzowa akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Hakuna aliyejua namna ya kumwambia Mtukufu Mlezi atoe ulimi, na hakuna aliyejua namna ya kusema redio ilikosea.

Aliyesimama ni Mtukufu mwenyewe. Alikuwa mzee mwembamba, mwembamba sana kwa mtu aliyekula kama yeye, na alipenda taratibu kuliko kitu chochote, maana zote alikuwa amezitunga yeye.

"Binti amesema kweli," alisema. "Sheria ni msumeno... hapana, hiyo niliifuta. Sheria ni sheria. Wanangu, tazameni kiongozi wenu anavyotii!"

Akautoa ulimi, mrefu, mbele ya taifa na majirani. Bendi haikujua ipige nini, ikapiga ngoma kidogo. Daktari Halinga akasukumwa mbele. Aliuangalia ulimi, na kwa kuwa hofu ilikuwa imemvuruga akili, mdomo wake ukajiendea wenyewe, ukauliza maswali anayomuuliza mgonjwa yeyote.

"Unakula bila kunenepa?"

"Naam," alisema Mtukufu. "Ni uchungu wa nchi."

"Tumbo linasokota?"

"La kiongozi husokota."

"Na ukienda... migombani... unaona vipande vyeupe, bapa, kama mbegu za maboga, vinajongea?"

Mtukufu akamtazama kwa mshangao wa kweli, wa mtoto. "Kwani wengine hawavioni?" Akaligeukia Baraza lake. "Mimi nilidhani ndivyo wanavyopewa viongozi."

Majirani wakaandika kurasa nzima.

* * *

Moto wa shimoni ulizimwa kwa maji. Mtukufu Mlezi alipewa dawa, akaingia chumbani, na mchana wake Daktari Halinga alitoka na trei. Juu ya trei, akiwa ameoshwa na kuloweshwa kwenye dawa kali, alikuwapo tegu mzima, mweupe, bapa, mwenye pindo nzuri kingoni, mrefu kuliko meza ya Baraza.

Mawaziri walimzunguka.

"Kwa kuwa nchi hii haina minyoo," Mheshimiwa Kasebele alianza polepole, jasho likimtoka, "ni dhahiri kwamba huyu si mnyoo."

"Dhahiri," wenzake walisema.

"Basi ni kitu gani? Tujiulize kama wasomi. Ni kirefu. Ni bapa. Ni cheupe. Na kimetoka kwa Mtukufu."

Bwana Nzowa akashika kifua. Uso wake mwembamba uliangaza kama wa mtu aliyepokea barua ya mchumba.

"Ni utepe!" alisema. "Waheshimiwa, utepe umefika!"

Na kweli, alasiri hiyo ukafungwa kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile ya Choo cha Taifa, na kwa bahati ulitosha kabisa. Mtukufu Mlezi, akiwa na nafuu na akilalamika kwamba kwa mara ya kwanza ameshiba, aliukata kwa mkasi wa dhahabu. Kufuli likafunguliwa. Baraza la Mawaziri, lililokuwa limesubiri kwa miaka, halikungoja hotuba.

Ilibaki habari ya nguruwe. Katika taarifa ya usiku redio ilisema kwamba mnyama aliyeonekana uwanjani hajawahi kuwa wa Mtukufu, na kwamba wote waliosikia vinginevyo walisikia vibaya. Subilaga alipewa kamba na kuambiwa aondoke na nguruwe wake wa siku zote. Mheshimiwa Sikazwe alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa na kikaratasi cha Daktari Halinga mkononi, cha kwenda hospitali kubwa.

"Nasikia mimi si mzalendo," alisema. "Nasikia ni ugonjwa tu, na una dawa." Akacheka kidogo. "Sijui niseme nini nyumbani."

"Sema umepona, baba. Baadaye. Ukipona."

* * *

Nyumbani Ilundo, Subilaga alimpa Shangazi dawa aliyotumiwa na daktari pamoja na maelezo kwamba asichinjwe kwa miezi mingi, maelezo ambayo hakuyahitaji. Akamrudisha bandani. Shangazi alikasirika siku chache, akikumbuka cheo chake, kisha akazaa, akawa na kazi nyingine. Subilaga alimtoa wa mwisho chini ya ubavu wa mama yake, mdogo kama kiatu, akamwekea kikapu karibu na jiko.

Kisha akachukua jembe. Akachimba nyuma ya nyumba, mbali na kisima, akaweka magogo, akazungushia miti na udongo, akaezeka, akaning'iniza gunia mlangoni. Pembeni akaweka kibuyu cha maji na kipande cha sabuni. Muuza ndizi alipita akaangalia.

"Mbona hivi? Picha yako imepotea?"

"Ipo, mama. Karibu ujaribu hiki."

Habari zikafika wilayani. Asubuhi moja alikuja ofisa kwa pikipiki, ana kofia na kalamu mbili mfukoni, akamkuta Subilaga anatembea haraka kuelekea nyuma ya nyumba, mkono mmoja uko tumboni.

"Simama hapo!" ofisa alisema. "Wewe ndiye mwenye choo? Hakijazinduliwa hiki. Utepe uko wapi? Mgeni rasmi ni nani? Huwezi kuingia kabla ya kukatwa utepe. Kule Ikulu wenzako walisubiri kwa nidhamu!"

Subilaga akasimama. Akamtazama yule ofisa usoni, bila kanga, muda wa kutosha.

"Wao utepe walikuwa nao tumboni, baba," alisema. "Mimi sina."

Akaingia, akateremsha gunia.